Kompyuta Ndogo ya Kupigia Muziki

Sauti ni mtetemo wa hewa, lakini kompyuta huhifadhi tarakimu tu. Katika diski ya CD, sauti ya kila upande, kushoto na kulia, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Je, tarakimu hizo hugeukaje kuwa muziki?

Vifaa: Raspberry Pi (kompyuta ya bodi moja iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012), kadi ya kumbukumbu yenye programu ya muziki, bodi ya kigeuzi, amplifaya na spika.

Utaratibu:
1. Hakikisha umeme umezimwa. Pini zikigusana vibaya, bodi huweza kuungua. Chomeka kadi, kisha bandika kigeuzi juu ya pini za kompyuta.
2. Unganisha kigeuzi na amplifaya, na amplifaya na spika. Punguza sauti.
3. Washa umeme. Chagua wimbo kwa simu iliyo katika mtandao uleule.

Umesikia nini? Kigeuzi hubadili tarakimu kuwa umeme unaopanda na kushuka, amplifaya huukuza, spika hutetemesha hewa.

Angalia: Usichomoe waya wa umeme ghafla. Kompyuta ikikatizwa inapoandika, yaliyomo katika kadi huweza kuharibika. Izime kwanza kwa programu.

Maswali
1. Kigeuzi kina kazi gani?
2. Wimbo wa dakika 3 hupimwa mara ngapi kwa kila upande?