Kutetea Ukatoliki Masese: ninavyowajibu Walokole na wasioamini Mungu

Huku Masese mjadala wa dini huutafuti, unakufuata. Mwaloni, akina mama wakiwa bado wanageuza mukene walioanikwa juani, mhubiri ameshafungua spika. Kwenye stendi ya bodaboda Mlokole, Msabato, Mwislamu na Mkatoliki wanangoja abiria pamoja, na abiria wakichelewa, swali la Bikira Maria halichelewi. Ukipanda taksi ya kwenda Mbale, hamjafika Iganga kuna mtu ameshafungua Biblia na kuanza kuhubiri. Vijana wa jumuiya yetu huniuliza wajibu vipi. Nawaandikia hapa ninavyofanya mimi.

Anza na historia ya nchi hii. Mwaka 1879 Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alibishana na Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana mbele ya Kabaka Mutesa, na Kabaka akabaki hajui amfuate nani. Januari 1892 wafuasi wa pande hizo mbili, walioitwa Wafaransa (Wakatoliki) na Waingereza (Waprotestanti), walipigana kwa bunduki pale Mengo. Kapteni Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki za Maxim, na Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Ukatoliki wetu wa mashariki ulizaliwa katika ugomvi huo. Roma iliwaleta mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza ili ionekane kwamba Mkatoliki si lazima awe mtu wa Mfaransa. Walifika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, na shirika lao ndilo lililofungua misheni nyingi za upande huu. Anayejua hayo hawezi kuuchukulia mdomo wake kama kitu kidogo.

Kuna habari nyingine ambayo kila Mkatoliki wa Busoga anapaswa kuijua kwa moyo. Oktoba 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana, aliuawa hapa Busoga, mahali panapoitwa Kyando, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Aliyethubutu kumkemea Mwanga kwa damu hiyo alikuwa Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mtumishi wa ikulu. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo akakatwa kichwa na mwili wake kuchomwa. Shahidi wetu wa kwanza Mkatoliki alikufa baada ya kumtetea askofu wa Kiprotestanti. Mtu akiniambia kwamba ili nitetee Kanisa lazima niwatukane wachungaji, namtajia Balikuddembe.

Sasa tuje kwenye hoja zenyewe. Swali litakalokujia mara nyingi ni hili: imeandikwa wapi? Usikimbilie kurusha mistari. Muulize kwa upole: wawili wakisoma andiko moja, wote kwa moyo safi, wakatofautiana, nani anaamua? Kwa watu wa Mbale sihitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyehamia Mbale, alikuwa Mprotestanti. Baadaye akajiunga na dini ya Malaki, ambayo ilikataa dawa za hospitali kwa kutumia Maandiko. Mwaka 1919, baada ya kuisoma sana Torati, akatahiriwa na kuanzisha jamii ya Abayudaya, ambao mpaka leo wanashika Sabato pale Nabugoye. Nawataja kwa heshima. Imani yao waliishika hata Idi Amin alipoipiga marufuku. Ninachosema ni kwamba Kakungulu hakuwa mjinga wala mtu wa mzaha. Alikuwa na Biblia ileile, na ilimtoa Uanglikana ikampitisha kwa Malaki na kumfikisha kwenye Uyahudi.

Kisha fungua Matendo 15. Swali lililowagawa Wakristo wa kwanza lilikuwa hilohilo la tohara, na kwa Wamasaba, wanaotahiri vijana wao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, hili si jambo la mbali. Huwezi kuishi Mbale bila kusikia ngoma za imbalu, yaani za tohara hiyo. Ukitafuta Maandiko peke yake siku zile, waliotaka tohara walikuwa na Mwanzo 17 mkononi. Lakini swali halikuachiwa kila msomaji. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, Petro akasema, Yakobo akasema, wakaandika barua kwa makanisa wakisema uamuzi ni wa Roho Mtakatifu na wao. Hivyo ndivyo Kanisa lilivyofanya kazi kabla Agano Jipya halijakusanywa.

Mlokole aliyesoma atakujibu: sawa, lakini mitume wamekufa. Jibu lake ni zuri, usilidharau. Mpeleke 2 Timotheo 2:2, Paulo anapomwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaowafundisha wengine. Hapo kuna mlolongo wa watu, na ndio tunaouita urithi wa mitume. Anaweza asikubali, lakini ataondoka akijua kwamba Mkatoliki ana sababu.

Angalizo kuhusu vitabu. Biblia ya Kiswahili iliyo kwapani mwa Walokole wengi huwa ni ile ya Union Version ya mwaka 1952, yenye vitabu 66. Yetu ina 73. Ukimtolea Mlokole 2 Makabayo 12 kutetea toharani, umempa andiko ambalo kwake halipo. Tumia 1 Wakorintho 3, juu ya mtu atakayeokolewa kama kwa kupita motoni. Tetea kwa kitabu anachokikubali, na habari za vitabu saba mzizungumze siku yake.

Kuhusu Maria na sanamu, eleza tunachofanya. Tendo kuu la ibada yetu ni sadaka ya Misa, na hakuna Misa hata moja duniani inayotolewa kwa Maria. Hutolewa kwa Mungu peke yake. Tunachomwomba Maria ni atuombee, kama mchungaji anavyowaomba waumini wake wamwombee. Atasema wafu hawasikii. Msomee Ufunuo 5:8, wazee walio mbele ya Mwanakondoo wakishika mabakuli ya maombi ya watakatifu. Akikuonyesha Mkatoliki anayeitumia rozari kama hirizi, kubali kwamba huyo amekosea. Katekisimu yenyewe inauita ushirikina dhambi.

Wasioamini Mungu ni wachache huku, ila wanaongezeka kati ya vijana waliosoma, na kwao mistari haisaidii. Wengine huanza na sayansi. Nawaambia kwamba mtu aliyependekeza ulimwengu ulianza kutoka chembe moja, Georges Lemaître, alikuwa padre Mkatoliki kutoka Ubelgiji. Hiyo haithibitishi kwamba Mungu yupo, na Lemaître mwenyewe hakutaka nadharia yake itumiwe hivyo. Inaondoa tu dhana kwamba ukiingia maabara lazima imani uiache mlangoni.

Swali zito ni la maafa kama ya Bududa. Machi 2010 mlima uliporomoka huko, pale Nametsi, ukafukia watu na nyumba zao. Oktoba 2018 ukaporomoka tena upande huohuo. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika Mbale na kuua. Kijana akiniuliza Mungu alikuwa wapi, sisemi waliadhibiwa. Yesu alikataa jibu hilo katika Luka 13, aliposema juu ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Siwezi pia kumweleza kwa nini mtoto fulani alikufa. Namuuliza swali moja: kwa nini unaona ni vibaya? Kama sisi ni udongo uliopata uhai kwa bahati, udongo kuufukia udongo ni tukio tu. Wewe hulioni hivyo, mimi pia silioni hivyo. Atasema huruma tumeipata kwa mageuzi ya viumbe. Huenda, lakini hilo linaeleza kwa nini namhurumia ndugu yangu. Halielezi kwa nini nina wajibu kwa mtu nisiyemjua na nisiyemhurumia. Mazungumzo yenye maana huanzia hapo.

Atakutajia pia Kanungu, ambako watu wa kundi moja la kidini waliteketea tarehe 17 Machi 2000. Usikwepe. Viongozi wa kundi lile walitoka kwetu na walidai kutokewa na Bikira Maria. Mweleze kwamba Kanisa hupima madai ya njozi, na hata zile lilizozikubali hazimfungi muumini.

Mwisho, chagua mahali. Mbele ya spika na umati sijibu. Namwomba mhubiri namba ya simu tukae wawili, kila mmoja na Biblia yake. Msibani sibishani kabisa. Na swali nisilolijua nalipeleka kwa katekista au paroko, kisha nalirudisha kwa aliyeniuliza wiki hiyohiyo, kwa sababu ukikaa nalo kimya atadhani halina jibu.