CHOVYA CHOVYA YA SIMU: Somo kuhusu mitandao na afya ya mwanafunzi ughaibuni

Somo la toleo hili linatugusa karibu sote: matumizi ya mitandao ya kijamii yaliyopita kiasi, na jinsi ya kuyapunguza ili tulinde afya ya akili na ya mwili.

Kwanza tukubaliane kwamba mitandao si adui. Kwa mtu aliye Leeds au Minneapolis, ndiyo inayomfikisha kwa mama yake Morogoro na kwa shangazi yake Mombasa. Habari za msiba, harusi na michango zote siku hizi zinapita kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hiyo anayekwambia "zima simu, tupa huko" hajui maisha ya kukaa mbali na kwenu. Tunachotafuta hapa ni kiasi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe katika habari hii ni muda wako, usingizi wako na ada aliyolipa mzazi.

1. Kwa nini sisi tunanaswa

Sababu ya kwanza ni saa. Afrika Mashariki iko mbele ya Uingereza kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Nyumbani watu wanapoamka saa 12 asubuhi na kuanza kutumiana salamu kwenye kundi la ukoo, London wakati wa baridi ni saa 9 usiku. New York wakati huohuo ni saa 4 usiku, mtu ndiyo kwanza anatandika kitanda. Ndugu zetu wa Muscat wana nafuu maana tofauti yao ni saa 1 tu. Sisi wengine, simu ikiwa chini ya mto, tunaishi kwa saa mbili: mwili uko huku, kichwa kiko kule.

Sababu ya pili ni upweke. Mwezi wa Desemba jua la London linazama karibu saa 10 jioni. Mtu katoka darasani au katoka kubeba boksi, chumba kimya, jirani hata salamu hakuna. Simu ndiyo kitu pekee humo ndani kinachozungumza Kiswahili. Ataiacha vipi?

Sababu ya tatu ni kujilinganisha. Wewe unaweka picha ukiwa kwenye theluji na koti zuri, huweki barua ya kodi ya nyumba. Mwenzako nyumbani anaweka picha ya kiwanja na ya harusi, haweki deni. Matokeo yake yeye anaona umefanikiwa mno, na wewe unaona wote waliobaki wamekupita. Kila mmoja anaumia kwa kuangalia upande mzuri wa mwenzake!

2. Mtego unavyofanya kazi

Jamani, tusijilaumu kwamba hatuna msimamo. Mwanasaikolojia wa Kimarekani B. F. Skinner aliwachunguza njiwa waliodonoa kitufe ili wapate nafaka. Ilionekana kwamba mnyama anayepata chakula kwa kubahatisha anaendelea kudonoa kwa muda mrefu hata kikikatika, kuliko yule aliyekuwa akikipata kila mara. Ni kama mvuvi wa mshipi: angejua hakuna samaki angeondoka, lakini huyo mmoja anayetokea mara mojamoja ndiye anayemkalisha mpaka jua linazama. Simu nayo ni hivyo hivyo. Ukifungua mara kumi unakuta upuuzi, mara ya kumi na moja unakuta habari tamu.

Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho, ule unaousogeza kwa kidole na chini yake kinakuja kingine. Mwaka 2009 Facebook wakaweka kitufe cha "kupenda", tukaanza kuhesabu nani katupenda na nani hajatupenda. Vitu hivi vimetengenezwa na mafundi ili ubaki pale. Hivyo kuapa peke yake hakutoshi, inabidi ubadilishe mazingira.

3. Madhara

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Mwanga wa kioo cha simu usiku unachelewesha homoni ya usingizi, na umbeya wenyewe unaamsha akili. Kesho yake unasinzia darasani. Kwa mwenye viza ya masomo Uingereza hili si dogo, kwa sababu chuo kina wajibu wa kufuatilia kama mwanafunzi anashiriki masomo.

Kuhusu mwili, kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba ukikiinamisha nyuzi 60 mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 27. Ni sawa na kubeba zaidi ya robo gunia la mahindi shingoni!

Kuhusu akili, mwaka 2023 Vivek Murthy, wakati huo Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa tahadhari kwamba vijana wanaobalehe wanaozidisha saa 3 kwa siku mitandaoni wana hatari mara 2 ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Tuwe waangalifu hapa: huenda pia mwenye huzuni ndiye anayekimbilia simu. Je, kuna ushahidi kwamba kupunguza kunasaidia? Upo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua wanafunzi 143. Kundi moja liliambiwa litumie Facebook, Instagram na Snapchat dakika 10 tu kwa kila mmoja kwa siku, kwa wiki 3, na kundi la pili liendelee kama kawaida. Waliopunguza upweke ulishuka, na sonona pia, hasa kwa wale walioanza nayo ikiwa kubwa. Na cha kushangaza, wasiwasi ulipungua hata kwa kundi la pili, huenda kwa sababu nao walikuwa wanajipima.

4. Hatua za kuchukua

a) Jipime kwanza. Simu karibu zote zinaonyesha kwenye mipangilio umetumia saa ngapi na wapi. Andika kwa siku 7, usibadilishe chochote.

b) Zima kengele za mitandao na za makundi yote. Najua utasema, "Je, ukitokea msiba?" Waambie nyumbani hivi: la dharura pigeni simu, msiandike. Halafu panga simu yako iruhusu usiku namba za mama, baba na ndugu wa karibu tu. Hapo utalala bila hofu, na hakuna atakayesema umetutupa.

c) Simu isilale kitandani. Nunua saa ya mezani ya kengele, simu uichaji upande wa pili wa chumba.

d) Weka miadi. Kwa mfano Jumapili saa 9 alasiri London wakati wa baridi, nyumbani ni saa 12 jioni, watu wametulia. Nusu saa ya kusikia sauti ya bibi inashiba kuliko saa 4 za kuangalia picha za watu.

e) Ile programu inayokula muda zaidi iondoe kwenye simu, uifungue kwenye kompyuta tu.

f) Jaza pengo, maana ukiondoa simu bila kuweka kitu utairudia. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea haraka kwa siku 5. Au njoo kwenye mpira wa chama chetu, au mpike ugali wawili watatu mle pamoja.

Usitegemee miujiza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL) ulioandikwa mwaka 2010 ulikuta tabia mpya inazoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine siku 18, wengine inakadiriwa mpaka 254. Na kuteleza siku moja hakuharibu kazi. Ukiteleza, kesho endelea.

Mwisho, kama huzuni inabaki hata ukipunguza simu, au unafikiria kujidhuru, usikae nayo peke yako. Huko si kurukwa na akili, ni ugonjwa kama malaria. Vyuo vingi vina washauri wasiodai malipo. Uingereza piga 116 123, Marekani piga 988, saa yoyote.

Zoezi: anza hatua ya (a) leo, na mkutano ujao wa chama kila mmoja aje na namba yake. Hatutachekana. Nawatakieni masomo mema na usingizi mwema.