Kinu cha Upepo cha Wimbe: Namna ya Kukichunguza Kikwazo

Njaa ilipoikumba Malawi katika miaka ya 2001 na 2002, kijana William Kamkwamba wa Wimbe, wilayani Kasungu, aliacha masomo ya sekondari kwa kukosa ada. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi alikuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, chenye picha za vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa hafifu. Hivyo alianza kwa kuichunguza michoro, kisha akatafuta maana ya maneno yaliyoieleza. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki, dainamo ya baiskeli na mnara wa miti wenye kimo cha meta 5 hivi, aliunda kinu kilichotoa wati 12. Umeme huo uliwasha taa nne ndogo na redio mbili.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya ushujaa, na ni haki yake. Lakini mwanafunzi wa sayansi atafaidika zaidi akiutazama utaratibu wa kazi. Kabla ya kusimamisha mnara, kijana huyo aliunda kielelezo kidogo kwa kutumia mota ya redio. Kinu kikubwa nacho alikijaribu kwa mapanga matatu, kama kilivyoonyesha kitabu, kisha kwa manne, akaona nguvu imeongezeka.

Je, mwanafunzi akirudia jaribio hilo mara moja tu, atakuwa amethibitisha kwamba manne ni bora kuliko matatu? Bado. Upepo wa saa nne asubuhi si upepo wa saa kumi alasiri, na nguvu iliyomo katika upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Ikiongezeka kwa asilimia 10 tu, nguvu hupanda kwa asilimia 33. Badiliko dogo ambalo shavu halilihisi laweza kumdanganya mchunguzi kabisa.

Hapa ndipo miradi mingi ya shule inapoharibika. Kikundi hupata vipimo visivyolingana, huchagua kile kinachopendeza, na vingine hufutwa. Afadhali kikwazo chenyewe kigeuzwe kuwa swali: upepo usiotulia utadhibitiwaje? Penye umeme, feni ya mezani huwekwa umbali uleule mbele ya kielelezo. Pasipo na umeme, vielelezo viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa idadi ya mapanga husimamishwa kando kwa kando, taa zao zikiwa za aina moja, na volti husomwa kwa wakati mmoja. Baada ya vipimo kumi vielelezo hubadilishana mahali, kwa kuwa huenda upande mmoja umekingwa na ukuta. Vipimo vyote huandikwa daftarini, pamoja na vile vya siku waya ulipokatika.

Baadaye mnara wa Wimbe uliongezwa hadi meta 12 ili kinu kipate upepo ulio juu ya miti. Kwa makadirio ya kawaida ya uwanda ulio wazi, kupanda kutoka meta 5 hadi 12 huongeza kasi ya upepo kwa asilimia 13 hivi, yaani nguvu kwa asilimia 45. Penye miti tofauti huwa kubwa zaidi. Darasa laweza kulipima jambo hili kwa vipima-upepo viwili vya vikombe vya plastiki, kimoja kikifungwa karibu na ardhi na kingine juu ya mlingoti wa bendera, kikombe kimoja kikipakwa rangi ili mizunguko ihesabike.