REJISTA NDANI YA KOMPYUTA NA JINSI ZINAVYOJUMLISHA

Somo kwa makatibu, wapimaji na wajumbe wa kamati

Neno rejista si geni katika chama cha msingi, kwani kila chama kina rejista ya wanachama. Lakini ndani ya kompyuta neno hilo lina maana nyingine. Si kitabu cha kutunza habari za miaka. Ni mahali padogo ambapo namba moja tu hukaa kwa kitambo kifupi, wakati inapojumlishwa au kutolewa. Karani apigapo hesabu kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuandika jumla daftarini, karatasi ile ndiyo mfano wa rejista, na daftari ni mfano wa ghala la kumbukumbu.

Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Hata hivyo, kwa somo hili mashine zilizo rahisi kuelezwa ni za ukoo wa 1900, zilizotangazwa na kampuni hiyo hiyo ya Uingereza mwaka 1964. Zilikuwa na rejista 8 za kufanyia hesabu, zenye namba 0 hadi 7, na kila moja ilibeba neno lenye nafasi 24. Kila nafasi ina hali mbili tu: 0 au 1.

Yawezekanaje kuandika deni la chama kwa 0 na 1? Jibu liko kwenye mizani. Mpimaji wa mbata kule Pangani au Muheza akiwa na mawe ya kilo 1, 2, 4 na 8, jiwe moja moja tu la kila uzito, aweza kupima kilo yoyote hadi 15. Kwa kilo 13 ataweka la 8, la 4 na la 1, na kuliacha la 2. Jiwe lililowekwa ni 1, lililoachwa ni 0. Basi 13 huandikwa 1101.

Sasa tuchukue rejista ndogo ya nafasi tano. 13 ni 01101, na 6 ni 00110. Kujumlisha huanzia kulia kama shuleni, ila 1 na 1 hutoa 0 na kushika 1. Jumla ni 10011, yaani 16 na 2 na 1, ambazo ni 19.

Na kutoa je? Hapa pana ujanja unaostahili kuangaliwa kwa makini. Jiwe zito kuliko yote, hili la 16, huwekwa kwenye kitanga cha upande wa pili, pamoja na mzigo, hivyo hupunguza badala ya kuongeza. Kwa hiyo kasoro 6 ni 11010: kasoro 16, ongeza 8, ongeza 2. Mashine haihitaji kifaa cha kutolea. Hujumlisha 01101 na 11010, ikapata 100111. Tarakimu ya sita haina nafasi, hudondoka, na kinachobaki ni 00111, yaani 7.

Msomaji makini ameshaona tatizo. Ikiwa jiwe la 16 ni la kupunguza, basi ile 10011 ya mwanzo si 19 tena. Ni kasoro 16, ongeza 3: kasoro 13! Chama kilichokuwa kinadai 19 kimegeuka mdaiwa wa 13, na hakuna tarakimu iliyoandikwa vibaya. Hali hii huitwa kufurika.

Katika nafasi 24 namba kubwa kabisa ni 8,388,607. Yaonekana nyingi, lakini fedha ikihesabiwa kwa senti, hizo ni Sh. 83,886/07 tu. Malipo ya msimu mmoja wa korosho yangeweza kuzipita. Mashine za 1900 ziliwasha alama maalumu palipofurika, ila hazikujua la kufanya. Ilikuwa juu ya mwandishi wa programu kuamuru alama hiyo iangaliwe, au kuunganisha maneno mawili kwa kila kiasi, hapo nafasi ikafika zaidi ya shilingi milioni 703,000. Aliyesahau yote mawili alitoa taarifa nadhifu yenye uongo. Ndiyo maana jumla ya stakabadhi iliyopigwa kwa mkono chamani haikuwa kazi ya bure hata pale hesabu zilipopelekwa kwenye mashine: karani ndiye aliyejua kwamba chama chake hakidaiwi.

Waingereza wenyewe walikuwa na taabu zaidi. Hadi mwaka 1971 peni 12 zilifanya shilingi, na shilingi 20 pauni, hata mashine yao ya ICT 1301 ikaundwa iweze kujumlisha hivyo. Afrika Mashariki ilikwisha kuwa na shilingi ya senti 100 tangu miaka ya 1920.

Zoezi: Kwa rejista ya nafasi tano, toa 12 katika 9. (Kasoro 12 ni 10100.) Jibu ni 11101, wajumbe walithibitishe kwa mawe ya mizani, kisha wajaribu 9 ongeza 12 na kueleza kilichotokea.