Wimbo Ni Wako, Malipo Yanakwenda kwa Nani?

Ukimpigia jirani simu na badala ya mlio wa kawaida ukasikia wimbo wa kwaya ya mtaani, jua kuna pesa zinazolipwa. Tangu Sheria ya Hakimiliki ifanyiwe marekebisho mwaka 2022, mgao wa pesa za milio hiyo, ambayo wengi huiita Skiza, umewekwa wazi. Kampuni ya simu hupata asilimia 39.5, kampuni inayopeleka nyimbo kwa kampuni ya simu asilimia 8.5, na msanii au mwenye hakimiliki asilimia isiyopungua 52.

Kwa kila shilingi 100, basi, angalau shilingi 52 ni za mwenye wimbo. Tatizo liko kwenye neno hilo "mwenye".

Tuseme vijana watatu wametunga wimbo, wakaenda studio, na prodyuza akajitolea kuwasaidia kuupeleka Skiza na YouTube. Akiusajili kwa jina lake na nambari yake ya simu, zile 52 zitaingia kwake. Kampuni ya simu itakuwa imetimiza sheria kikamilifu, na vijana hawatapata hata ndururu.

Wimbo mmoja hubeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na tuni, ambao ni wa mtunzi. Ya pili ni rekodi yenyewe, na hapa wengi hushangaa: sheria humtambua kama mwandishi wa rekodi yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Kwa hivyo ni muhimu kujua nani aligharamia studio, na risiti ya M-Pesa inaweza kuwa ushahidi mzuri. Isifutwe.

Kuna habari njema kwa waliokubaliana kwa mdomo tu. Kuhamisha hakimiliki, au kumpa mtu mmoja leseni ya kipekee, hakuna nguvu kisheria bila maandishi yaliyotiwa saini. Prodyuza anayesema "tulielewana wimbo ni wangu" aonyeshe karatasi. Lakini msanii naye aisome kabla ya kutia saini, kwa sababu mikataba mingine huchukua utunzi pamoja na rekodi kwa sentensi moja tu.

Kundi la watu kadhaa linafaa kuandika mgao siku ile ile wimbo unapokamilika, kabla haujaanza kuleta pesa. Wimbo Malaika ulirekodiwa na Fadhili William na baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba na Boney M, ukavuma dunia nzima. Hata hivyo Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye mtunzi, na mabishano hayo hayajaisha.

Hakimiliki huanza mara tu kazi inapoandikwa au kurekodiwa, hata kabla ya kusajiliwa. Hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo mjane na watoto wana haki ya kuuliza kuhusu nyimbo za marehemu. Hata hivyo, cheti cha Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) husaidia sana mzozo unapozuka. Usajili hufanywa kwa njia ya intaneti.

Wenye matatu, hoteli, baa na saluni wanaocheza muziki kwa wateja wanahitaji leseni pia. Ada hizo hukusanywa na vyama vya mirabaha vilivyoidhinishwa na KECOBO, ambavyo huwagawia wanachama wao. Idhini hiyo ina muda wake, na imewahi kunyimwa baadhi ya vyama. Kabla ya kumlipa anayebisha mlangoni, mfanyabiashara ana haki ya kuuliza KECOBO iwapo chama hicho kina leseni ya mwaka huu. Msanii anayetaka kujiunga na chama aulize swali hilo hilo, kisha aende na kitambulisho, orodha ya nyimbo zake na ile karatasi ya mgao.