Minyoo wa Udongoni na Ndugu Yao Anyonyaye Damu



Chota konzi moja ya udongo chini ya nyasi. Ndani yake mna minyoo wengi wadogo. Wengi hawafiki urefu wa milimita 1. Wanaishi kwenye unyevu kati ya chembe za udongo, na wengi wao hula bakteria.

Hawa si adui. Bakteria wana naitrojeni nyingi kuliko minyoo wanavyohitaji, hivyo ziada hutolewa kama taka, na nyasi huinyonya kwa mizizi. Ukame ukija, baadhi yao hujikausha na kulala. Mvua ikirudi, huamka.

Lakini wana ndugu mbaya: mnyoo wa tumbo anayenyonya damu ya mbuzi na kondoo. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutoka na mavi. Penye joto na unyevu mayai huanguliwa, na watoto wake hula bakteria wa kwenye mavi, kama wale wa udongoni. Baada ya wiki moja hivi huacha kula kabisa. Hupanda nyasi zenye unyevu na kungoja kumezwa.

Hapo ndipo udhaifu wake. Kwa kuwa hali, anaishi kwa akiba ya mwilini tu. Joto humaliza akiba hiyo haraka, na jua kali humkausha.

Kwa hiyo, wakati wa mvua:

1. Hamisha kundi kabla ya siku 5 kwisha, na usilirudishe hapo kwa miezi miwili au zaidi.
2. Usiache nyasi ziliwe mpaka chini. Minyoo wengi hukaa karibu na ardhi.
3. Peleka mbuzi kwenye vichaka, wale majani ya juu.
4. Kila wiki fungua kope la chini la jicho. Jekundu ni salama. Jeupe ni hatari. Angalia pia uvimbe chini ya taya.

Usisubiri mnyama aharishe. Mnyoo huyu mara nyingi haharishi, na huweza kuua hata mbuzi mnene.

Ukiona dalili, mwone mtaalamu wa mifugo mapema. Nywesha dawa kulingana na uzito wa mnyama. Ukipunguza kipimo, minyoo wenye nguvu hubaki hai, na baada ya muda dawa hiyo huweza kuacha kufanya kazi.