*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: SABUNI KABLA YA SINIA*



Ndugu zangu waumini wa Mwamkulu, funga inaendeleaje? Mwenyezi Mungu atutakabalie.

Leo naomba tuangalie jambo dogo tunalolifanya kila magharibi. Adhana ikilia tunakula tende, tunaswali, kisha tunazunguka sinia. Linapitishwa beseni, kila mtu anachovya vidole, basi, tunaanza kula. Tukimaliza, mikono imejaa mafuta ya pilau, hapo ndipo mtu anauliza, "Jamani, sabuni iko wapi?"

Kwa nini sabuni tunaikumbuka baada ya kula na si kabla? Kwa sababu mafuta tunayaona, vijidudu hatuvioni. Lakini kazi ya sabuni kwa vyote viwili inakaribiana sana. Hebu tuielewe.

*Sabuni inafanya nini?*

Maji peke yake hayashiki mafuta. Mwaga maji kwenye sufuria iliyokaangiwa, yanateleza tu juu. Sabuni imeundwa na chembe ndogo mno, na kila chembe ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia unayakimbia maji na unapenda mafuta. Ukisugua, mikia inajichomeka kwenye mafuta, vichwa vinabaki nje kwenye maji. Tone la mafuta linakatika vipande vidogo, kila kipande kinazungukwa na sabuni, na maji yanaondoka nacho.

Ajabu ni kwamba sabuni yenyewe inatokana na mafuta. Majirani zetu wa Kigoma huchanganya mawese na kostiki soda, wakapata sabuni.

Sasa, seli ya mwili wako imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Kuna virusi ambavyo vikitoka kwenye seli ya mgonjwa huondoka na kipande cha utando wa namna hiyo, vikakivaa kama koti. Virusi vya Korona, vya mafua, vya Ebola na vya Marburg viko hivyo. Bila koti hilo haviwezi kuingia kwenye seli zako. Sabuni ikifika, mikia yake inajipenyeza kwenye koti kama ilivyojipenyeza kwenye mafuta ya pilau. Koti linatoboka, linasambaratika. Hapo kirusi hakina nguvu tena.

Mtakumbuka Machi 2023. Siku chache kabla ya Ramadhani, Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg kule Kagera. Watu 9 waliugua, 6 kati yao wakafariki, mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Ugonjwa ule hupita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Kwa hiyo pamoja na kuwatenga wagonjwa, kinga mojawapo ilikuwa hiki kipande cha sabuni unachokiona dukani kila siku.

*Lakini tusizidishe*

Si vijidudu vyote vinavaa koti. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, havina. Kijidudu cha kipindupindu kina utando, ila ni mgumu na unastahimili. Hivi sabuni inaving'oa tu kwenye ngozi, halafu maji *yanayotiririka* yanavipeleka. Ndiyo maana beseni moja la watu kumi halitusaidii: anachoacha wa kwanza anakichukua wa kumi. Na msimu huu wa mvua, mashamba ya mpunga yamejaa maji na mafuriko yanaweza kuingiza uchafu wa vyoo visimani. Tujihadhari.

*"Ustadh, mbona nimeshatia udhu?"*

Alhamdulillah. Udhu ni ibada, na maji safi yanatosha kwa swala. Lakini baada ya udhu umeshika noti, umeshika simu, umempakata mtoto. Mtume wetu (s.a.w.) alituelekeza kwamba tukiamka tusitumbukize mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, kwa kuwa hatujui mkono ulilala wapi. Na daku je? Si tunaamka usingizini moja kwa moja hadi kwenye chakula?

Tena sinia ni la watu wengi. Yupo mzee, yupo mtoto, yupo mama mjamzito. Mkono wako ukiwa mchafu, ugonjwa hauishii kwako. Mtu amefunga kutwa nzima anatafuta thawabu, halafu jioni anamdhuru ndugu yake bila kujua. Mwenye haki ya kwanza juu ya usafi wa mkono wako ni huyo uliyekaa naye sinia moja.

*Kazi ya leo, inshaallah*

1. Acha beseni la kuchovya. Miminianeni maji kwa jagi, au tundikeni kibuyu chirizi.
2. Sabuni *kabla* ya futari na kabla ya daku. Ikikosekana, jivu safi litasaidia.
3. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na kwenye kucha. Hesabu mpaka 20 taratibu, maana mikia ile inahitaji muda kupenya.
4. Mkono ukikauka na kupasuka, paka mafuta. Sabuni imeondoa hata mafuta ya ngozi yako.

Leo jioni uwe wewe wa kwanza kuuliza sabuni iko wapi, kabla sinia halijafunuliwa.

Ewe Mola wetu, tutakase nyoyo na mikono yetu, uwaponye wagonjwa wetu, uzipokee funga zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.